Gurudumu la Mbele

Agosti 2, 1906
Bi. Oline Sande ndiye aliyenishauri nianze daftari hili. Yeye ni mjane, shamba lake liko mashariki ya kwangu, na alishapitia haya yote. Alisema, "Gunvor, andika kila usiku unaolala kwako. Karani wa ardhi haamini mdomo wa mwanamke, ila akiona daftari hupunguza maswali." Haya basi. Jana nimelala kwangu.

Kwa faida ya karani, kama atasoma: jina langu Gunvor Lunde, umri miaka ishirini na sita, sina mume na sijalalamika kwa mtu. Nimekulia kwenye mashamba ya kufungua pori. La kwanza Minnesota, la pili hapa Dakota, na katika yote mawili kazi yangu ilikuwa kuokota mawe. Serikali inakupa ekari mia na sitini. Ujenge, ulime, ukae miaka mitano bila kuondoka, kisha upeleke mashahidi wawili, ule kiapo, upewe hati. Miaka yangu mitano inatimia mwezi wa kumi. Nitakula kiapo tarehe 16.

Agosti 3
Nimelala kwangu. Joto la kuyeyusha sabuni.

Agosti 5, Jumapili
Nimelala kwangu. Baada ya ibada Baba alisimama mlangoni pa kanisa akimweleza mchungaji kuhusu "shamba letu la juu". Nikamuuliza ni lipi hilo.

"Si lile la juu," akasema.

"Lile ni langu, Baba."

"Kwani nimesema la nani? Nimesema letu."

Mchungaji akatazama viatu vyake. Mimi nikaenda kupanda gari la farasi kabla sijasema neno la kunifukuzisha ushirika.

Agosti 9
Nimelala kwangu, ingawa kulala si neno lenyewe. Sjur, kaka yangu, alipiga kinanda chake cha mdomo mpaka mshumaa ukaisha.

Nieleze hapa, maana karani atauliza. Kibanda chetu ni kimoja ila kimekaa juu ya mpaka. Nusu ya kusini iko kwenye shamba la Sjur, nusu ya kaskazini kwenye langu. Kitanda chake huko, changu huku, pazia katikati, jiko la chuma mpakani. Ndugu wengi hapa wamejenga hivyo: mbao za nyumba moja, mashamba mawili. Sjur alikula kiapo cha shamba lake mwaka jana na hati ameitundika juu ya kitanda. Mtu aliyepanda ekari kumi na mbili tu kwa miaka mitano, tena kwa kusukumwa! Lakini yeye ana hati, mimi nina pazia.

Agosti 10 mpaka 14
Nimelala kwangu, siku zote tano. Tunavuna. Mikono imepasuka. Sina la kuandika.

Agosti 18
Nimelala kwangu. Leo akaja jirani mpya kutoka ng'ambo ya kinamasi kumwomba Baba ampimie mpaka. Baba alivimba kichwa siku nzima. Yeye ndiye mpimaji wa watu wote wa hapa, kwa sababu vigingi vya serikali viliungua katika moto wa nyika wa mwaka 1899 na mpima ardhi wa kweli anataka malipo. Baba hataki malipo, anataka kusikilizwa. Hufunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu la gari, anajua gurudumu likizunguka mara moja limekwenda futi ngapi, kisha farasi wanatembea, mtu anahesabu kitambaa kinavyopita juu, mpaka idadi itimie. Hapo anaruka chini na kupiga kigingi, halafu anatoa hotuba.

"Nimepima mashamba kumi na moja kwa gurudumu hili," alimwambia yule jirani. "Hakuna aliyewahi kuja kulalamika."

Mama alikuwa anasukasuka maziwa ya siagi. Akainua macho, akayashusha.

Agosti 26
Nimelala kwangu. Mawingu ya mvua ya mawe yalikuja mpaka karibu, tukasimama uani na Sjur tukiyatazama kama watu wanaosubiri hukumu, kisha yakaenda kumwagikia watu wengine. Nilifurahi, kisha nikaona aibu, kisha nikafurahi tena.

Septemba 5
Wapuraji wa ngano wamefika kwa Baba na mashine yao na injini ya mvuke. Wanaume kumi na saba. Mimi na Mama tunapika mara tano kwa siku: viazi, nyama ya nguruwe, mikate, pai, kahawa ya kujaza pipa. Saa kumi na moja jioni nikavua aproni.

"Unakwenda wapi?" Baba akauliza.

"Kwangu."

"Maili mbili? Kesho saa tisa alfajiri uwe umerudi kuwasha jiko? Lala hapa, mtoto. Nani atajua?"

"Karani."

"Karani yuko mjini anakula mayai."

"Nikiapa mbele yake kwamba sikuondoka, nataka iwe kweli."

Akageukia wale wanaume mezani. "Mmeona? Nimesomesha binti miaka minne, sasa ananifundisha dini." Wakacheka wote kumi na saba, midomo imejaa viazi vyangu.

Nimelala kwangu.

Septemba 6, 7, 8
Nimelala kwangu. Miguu haipo tena, kuna vitu viwili tu chini yangu vinavyouma.

Septemba 9
Nimelala kwangu. Mama alinifuata mpaka kwenye lango akanipa nusu ya pai iliyofunikwa kitambaa. "Usimwambie baba yako," akasema. Sijui kwa nini pai nayo iwe siri. Katika nyumba ile kila kitu anachofanya Mama kinaanza na maneno hayo, na kusema kweli yananichosha. Mwanamke mwenye mikono ya kubeba ndama, anaogopa kuonekana akitoa pai.

Septemba 13
Nimelala kwangu. Mpima ardhi wa wilaya amepiga hema karibu na barabara. Wanataka kunyoosha njia mpaka kituo cha reli.

Septemba 14
Sijui niandike nini kwenye mstari wa kwanza. Kila siku nimeandika maneno mawili yaleyale, na leo mkono umekataa.

Yule mpima ardhi, kijana mpole mwenye pua iliyochubuka kwa jua, alipita na mnyororo wake wa kupimia tangu asubuhi. Adhuhuri akagonga mlango akaomba maji. Nikampa. Akanywa, akashukuru, akatazama kibanda, akatazama karatasi yake.

"Hapa ni kwa Sjur Lunde," akasema.

"Nusu," nikasema. "Hapo uliposimama ni kwangu. Mpaka unapita kwenye jiko."

Akatazama karatasi tena. Nikaona uso wake umekuwa mwekundu zaidi. "Mpaka, bibie, uko kule." Akanyoosha kidole kaskazini, katikati ya mabua ya ngano yangu, ambako msaidizi wake alikuwa anapiga kigingi kipya.

Nilikwenda kwa miguu nikihesabu. Hatua mia moja na sitini. Nilirudi nikahesabu tena, zikawa mia moja na sitini na mbili, kwa sababu nilikuwa ninalia.

Kibanda chote kiko kwa Sjur. Kisima kiko kwa Sjur. Kitanda changu, pazia langu, kuku wangu, vyote viko kwa Sjur. Sijalala kwenye shamba langu hata usiku mmoja kwa miaka mitano. Na daftari hili, lililoanzishwa liwe shahidi wangu, lina uongo tangu ukurasa wa kwanza.

Septemba 15
Nimekwenda kwa Baba. Alinisikiliza akiwa anapaka mafuta hatamu za farasi. Nilipomaliza akasema:

"Mnyororo wao umevutika."

"Baba, mnyororo ni wa chuma."

"Chuma hakivutiki? Wewe umefanya kazi ya uhunzi lini?"

"Hatua mia na sitini!"

"Basi umevutika sana."

Nikamwambia kigingi kimoja cha serikali kimepatikana chini ya udongo, kimeungua nusu ila namba bado inasomeka. Akasema namba zinaweza kuandikwa na mtu yeyote. Nikamwambia shamba langu linaondoka, na mtu yeyote atakayefika wa kwanza ofisini atalichukua, pamoja na kila jiwe nililoliokota. Akasema, "Usimwambie mtu. Ukinyamaza, kigingi hakina mdomo." Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea kutoka kwake: "Mashamba kumi na moja, Gunvor. Unajua watu watanifanya nini?"

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Mimi napoteza ekari mia na sitini, yeye anahofia kuchekwa kanisani. Nilitoka nikagonga mlango kwa nguvu, kisha nikalazimika kurudi kuchukua kofia yangu.

Septemba 16, Jumapili
Sikwenda kanisani. Mama alikuja kwa miguu, peke yake, jambo ambalo halijatokea tangu tuhamie. Akaketi upande wangu wa pazia, upande ambao si wangu, akakataa kahawa.

"Kitambaa kilikuwa kwenye gurudumu la mbele," akasema.

Sikumwelewa.

"Siku ile tulipopima. Baba yako alipima mzunguko wa gurudumu la nyuma, lile kubwa, akapata idadi, mara mia mbili na tatu. Halafu kitambaa akakifunga kwenye la mbele, kwa sababu mimi nilikuwa nimekaa mbele, ili nikione vizuri. La mbele ni dogo, Gunvor. Kila mzunguko ulikuwa pungufu."

"Na wewe ulijua?"

"Nilimwambia palepale. Nikasema, Anfinn, hili si lile. Akasema, Borghild, wewe hesabu, mambo ya magurudumu niachie mimi. Nikahesabu. Nilihesabu mia mbili na tatu, sikuruka hata moja."

"Mama! Miaka mitano!"

"Nilidhani labda alisharekebisha kichwani. Yeye ndiye mwenye hesabu."

"Hukudhani hivyo."

Akakunjakunja ncha ya kitambaa chake cha kichwa. "Mwaka wa kwanza nilidhani hivyo," akasema. "Baadaye ulishakuwa umechimba kisima."

Nilimpigia kelele. Naandika hili kwa sababu nimeahidi kuandika kweli kuanzia sasa. Nilimwambia yeye ni mbaya kuliko Baba, kwa kuwa Baba hajui kitu na hajui kwamba hajui, lakini yeye anajua na anakaa nacho kama yai chini ya kuku. Akakubali kwa kichwa, akainuka, akaenda zake. Maili mbili na viatu vile.

Septemba 19
Mvua. Nimelala kwa Sjur.

Septemba 20
Mvua. Nimelala kwa Sjur. Kaka naye tangu siku ile hapigi kinanda. Ananitazama kama mtu aliyekalia kofia ya mwenzake.

Septemba 21
Bi. Oline amesikia. Mpima ardhi alikunywa maji kwake pia. Bi. Oline ni mmoja wa mashahidi wangu wawili, mwingine ni fundi viatu Torgeir, ambaye huapa chochote Bi. Oline atakachoapa.

"Nitaapa kwamba umekaa, umelima na umeteseka," akaniambia. "Wakiniuliza nyumba ilikuwa wapi, nitasema ilikuwa wapi. Nakupenda, mwanangu, lakini sitauza roho yangu kwa ajili ya kibanda cha mbao."

"Sijakuomba uiuze."

"Vizuri. Basi hamisha hicho kibanda, uende ukaseme wazi. Kosa la kweli wanasamehe. Ujanja hawasamehi."

Nikamwuliza nihamishe nyumba kwa kitu gani, kwa meno?

Septemba 25
Sjur aliondoka jana asubuhi bila kusema anakwenda wapi, ng'ombe wakiwa hawajakamuliwa. Nilimtukana hewani siku nzima. Nilimwita mvivu, kupe, mzigo wa Mungu kwangu. Jioni akarudi, tope mpaka magotini.

"Nimezungumza na mwenye injini ya wapuraji," akasema. "Alhamisi wanapita hapa wakienda kwa akina Bergum. Ataivuta nyumba."

"Kwa malipo gani?"

"Nimempa fahali wangu mdogo."

Sjur ana mnyama mmoja tu anayempenda, na ni yule fahali. Nikamkaangia Sjur mayai manne.

"Weka na la tano," akasema. "Nimetembea maili kumi na moja." Huyo ndiye kaka yangu.

Septemba 27, Alhamisi
Leo nyumba imetembea.

Tuling'oa ngazi, tukainua kibanda kwa nguzo, tukaweka magogo mawili chini kama sleji ili kiburutwe, tukafunga minyororo. Mwenye injini ni mzee kiziwi kwa sababu ya mashine yake, hivyo maagizo yote yalipigwa kelele mara tatu. Niliwaambia wangoje nitoe vyombo. Mzee akadhani nimesema twende.

Nilikuwa ndani. Sahani zilianza kuteremka kabatini moja baada ya nyingine, bomba la jiko likachomoka, masizi yakanimwagikia, na paka akapanda juu ya kichwa changu akabaki huko kwa makucha. Kupitia dirishani nilimwona Baba. Hakualikwa. Alikuwa anatembea kando ya nyumba, mikono nyuma, akipaza sauti:

"Mnakwenda upande! Kushoto! Mnakwenda upande!"

Nikatoa kichwa nje, pamoja na paka. "Baba, kigingi kile pale. Tunakifuata kigingi."

"Kigingi kimewekwa upande!"

Tulivuka mpaka saa tano na nusu. Tukaenda hatua arobaini zaidi, maana sitaki tena kusikia neno mpakani maishani mwangu. Kutoka hapo mpaka kisimani kwa Sjur ni hatua mia mbili kwenda na mia mbili kurudi, na kisima kingine nitachimba nikipata nguvu ya kuchimba. Sahani zimebaki tatu. Nilipotoka kila mtu alicheka, hata Mama, ambaye alikuwa amesimama mbali kwenye mabua, mkono mdomoni.

Nikamwendea. Nilitaka kumwomba radhi kwa maneno ya Jumapili ile. Badala yake nikasema, "Angalia nywele zangu." Akavua kitambaa chake akanipangusa masizi.

Nimelala kwangu. Kwa mara ya kwanza.

Oktoba 4
Nimelala kwangu. Theluji kidogo, imeyeyuka kabla ya mchana. Maji ya kunawa yaliganda.

Oktoba 11
Nimelala kwangu. Baba alikuja kunifundisha la kusema. Alikaa juu ya sanduku akaanza. "Karani akiuliza nyumba iko wapi, sema iko kwenye shamba. Iko kwenye shamba, sivyo? Basi. Asipouliza ilikuwa wapi, usijibu swali ambalo hajauliza."

"Na akiuliza?"

"Hawezi kuuliza."

"Na akiuliza, Baba?"

"Sema hukumbuki."

Nikamwambia nitasema ilihamishwa tarehe 27 Septemba, na kwamba mpaka ulipimwa vibaya. Akauliza, nitasema ulipimwa na nani? Nikasema wakitaka jina nitawapa jina. Akavaa kofia. Kwenye mlango akasema atakwenda na mimi mjini, maana gari ni lake na watu wa ofisini ni wezi. Nilitaka kumwambia abaki. Gari ni lake kweli.

Oktoba 15
Nimelala kwangu. Upepo. Kesho.

Oktoba 16, Jumanne
Naandika kwangu, kwa taa, na nitaandika yote.

Tuliondoka mapema, Baba na hatamu, Mama katikati na ndoo mbili za siagi za kuuza, mimi pembeni. Bi. Oline na Torgeir walitangulia. Ofisi ni chumba kimoja juu ya duka. Karani ni mwembamba, ana mafua, na mbele yake alikuwa na leso tatu zilizopangwa kwa daraja la ulowevu.

Mashahidi waliapa vizuri. Torgeir alisema nimelima ekari thelathini na nane, Bi. Oline akasema thelathini na tisa. Kisha nikaapa mimi. Umezaliwa wapi, umeolewa, umelima nini, umewahi kuondoka. Nilijibu yote. Karani akachovya kalamu.

"Nyumba yako iko kwenye shamba hili?"

"Iko."

"Tangu lini?"

Nilimsikia Baba nyuma yangu akivuta pumzi.

"Tangu tarehe 27 Septemba," nikasema.

Kalamu ikasimama. Karani akachagua leso, akapenga kamasi, akanitazama kwa mara ya kwanza. Nikamweleza: kibanda, mpaka, hatua mia na sitini, injini. Nikamwonyesha daftari hili, na ukurasa wa Septemba 14. Alisoma muda mrefu. Kiingereza changu si kizuri sana, lakini alisoma.

"Kama lilikuwa kosa la kweli, naweza kulipokea," akasema. "Kama ulijua, huu ni udanganyifu na shamba linarudi serikalini leo. Aliyepima ni nani? Nahitaji kiapo cha aliyekosea."

Nikageuka. Baba alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Akasimama, akala kiapo. Nilidhani, haya, sasa. Mtu huyu aliyenifundisha kutembea nyuma ya jembe la farasi atasema maneno mawili, nami nitamsamehe yote, hata mnyororo uliovutika.

"Mimi niliendesha gari," Baba akasema.

"Na kosa?"

Bi. Oline yuko pale. Torgeir yuko pale, na Torgeir amepimiwa shamba lake na Baba. Baba akaitazama kofia.

"Hesabu ilikuwa ya mke wangu," akasema. "Yeye ndiye aliyehesabu."

Haikuwa uongo. Ndiyo maana sikujua pa kuushika. Karani akamnyooshea Mama kalamu, na Mama akainuka, ndoo tupu mikononi, maana siagi alikuwa ameshaiuza. Mama Kiingereza chake ni cha siagi na mayai tu.

"Mtafsirie," karani akaniambia. "Muulize kama alikosea kuhesabu."

Nikamwuliza kwa lugha yetu. Kisha nikaongeza haraka, "Mama, sema ukweli. Sema gurudumu lilikuwa lipi. Baba yuko hapa, hawezi kukanusha."

Akanitazama, akamtazama Baba. Baba hakuinua uso.

"Akikanusha?" Mama akauliza.

Sote wawili tulimjua.

"Mwambie ndiyo," Mama akasema. "Mwambie nilikosea kuhesabu."

"Hukukosea!"

"Gunvor. Huyu bwana ana mafua na wewe una shamba. Mwambie."

Jamani, mimi! Mimi niliyetembea maili mbili kila jioni nisije nikaapa uongo. Bi. Oline, ambaye anaelewa lugha zote mbili na ambaye hauzi roho yake, alikuwa ameanza ghafla kufunga kamba ya kiatu, na viatu vyake vina vifungo. Nikafungua mdomo, nikamwambia karani: "Anasema alikosea kuhesabu."

Akaandika. Mama akaweka alama yake, nikalipia, wakagonga mhuri. Risiti ninayo hapa mezani. Hati yenyewe itakuja kwa posta.

Tulirudi, tukapita kinamasi. Baba akaanza kusema habari za kwato za farasi wa kulia. Nilikuwa na nakala ya maelezo yale mfukoni, na nilikuwa naichukia.

"Kaandika nini?" Mama akauliza.

"Achana nayo, Mama."

"Nisomee."

Nikaifungua. Nikasoma, nikitafsiri, kwa sauti ya chini: kwamba kosa la mpaka lilitokana na hesabu ya Borghild Lunde, aliyefika mbele ya karani huyu na kuapa kwamba yeye mwenyewe, kwa nia njema, ndiye aliyekosea.

"Imeandikwa hivyo? Borghild Lunde?"

"Ndiyo."

Ndipo nikakumbuka. Miaka ishirini na minane, mashamba mawili, ya Minnesota na hili. Hati ni za Baba, kodi ni ya Baba, hundi za ngano ni za Baba, na kwenye kitabu cha kanisa ameandikwa "mke". Sijawahi kuona karatasi yoyote ya serikali yenye jina la mama yangu. Hii ndiyo ya kwanza, na inamsingizia.

"Soma tena," akasema. "Usinong'one."

"Borghild, inatosha," Baba akasema, bila kugeuka.

Mama akanyoosha mgongo, akaziweka ndoo sawa miguuni.

"Soma, Gunvor."

Nikasoma tena, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa farasi.